Shingo Yangu Yaenda Kibiti

Nilikwenda Kibiti kwa sababu ya malaika wa kushoto. Kila nilipomaliza sala, shingo iligeuka kulia nikatoa salamu vizuri. Kushoto haikwenda hata ungeivuta kwa kamba. Watu wa Salale wakaanza kuulizana nimegombana na nani upande ule.

Miguu yangu ilikufa nilipoteleza juu ya shehena ya boriti za mikoko nikaangukia mgongo. Tangu hapo makao yangu ni mkeka mlangoni, na mikono ndiyo inayonitembeza. Hayo nilikwisha kuyazoea. Lakini maumivu ya shingo yalileta ganzi begani, ikashuka mpaka vidole vya mkono wa kushoto, nami kazi yangu ni kusuka madema ya kutegea samaki. Vidole vikifa, nitalishwa uji kama mtoto. Niliogopa, wala sikumficha mtu.

Tuliondoka Salale kwenda zahanati ya Kibiti, maji yalipojaa asubuhi. Mke wangu, Mwanaidi, alinifunika shuka jeupe nisichomwe na jua. Kaka yake, shemeji Hamisi, na wenzake watatu, wakata mikoko wote, wakanipakia mtumbwini pamoja na kitanda changu cha kamba na matenga ya ng'onda, samaki wakavu, ya kuuza mjini. Jumbe wetu alikuja kutuaga. Alisimama ukingoni, mimi niko chini mtumbwini, akahutubia juu ya wema wa serikali ya Mwingereza hadi maji yakaanza kupwa. Nilimsikiliza nimeinua shingo, maana jumbe hasikilizwi kwa kutazamwa magoti.

Nyamisati, jua kali. Hapo maji yaliisha, wakanibeba na kitanda mabegani. Hatujafika mbali, wakulima wawili wakatupa majembe wakaja mbio, wakashika miguu ya kitanda. Wakaja wengine. Nikasikia “La ilaha illa llah” ikipanda na kushuka, na kitanda kikaongeza mwendo. Ndipo nilipoelewa. Kitanda, shuka jeupe, wanaume wanne wenye nyuso za uchovu: kwetu mtu akikutana na jeneza hulibeba hatua kadhaa apate thawabu, na maiti hapelekwi polepole.

“Hamisi,” nikanong'ona chini ya shuka, “waambie mimi mzima!”

“Tulia, shemeji,” akajibu bila haya, akitembea mikono mitupu. “Wakijua watatuachia mzigo.”

Kila hatua ilinipiga shingoni kama mchi. Mwishowe nikashindwa, nikafunua shuka, nikainua kichwa nikasema, “Asalaam alaykum.” Wakulima wote walikimbilia mihogoni, na kitanda kikashuka kwa upande wa kichwa kwanza. Mzee mmoja alirudi baadaye kuchukua jembe lake, akanitazama kwa chuki, kama nimemwibia thawabu zake.

Tulilala njiani, tukaingia Kibiti siku ya pili. Zahanati ilikuwa na picha ya Mfalme, imetundikwa juu kabisa karibu na dari. Siku hiyo alikuwapo daktari wa serikali, Mwingereza mrefu, na dresa, msaidizi wake, aliyekuwa mfupi kwake kidogo tu. Waliniweka sakafuni, kwa kuwa mtu wa mgongo uliovunjika hakai kwenye benchi bila kupinduka. Daktari alifurahi sana kuiona miguu yangu. Akaichoma sindano nyayoni, akamuuliza dresa kwa Kizungu, naye dresa akanigeukia.

“Unasikia?”

“Sisikii, bwana. Nimekuja na shingo.”

“Daktari hajafika shingoni. Nyamaza.”

Wakachoma, wakaandika, wakachoma tena. Kila walipotaka jibu nilitazama juu, na Mfalme naye yuko juu. Nilipoitaja shingo mara ya tatu, daktari alisema maneno marefu, dresa akayafupisha: “Anasema mwenye miguu kama hii asihangaike na shingo.” Wakanipa chupa ya dawa ya kuchua. Niliingia na shingo inayokataa kushoto, nikatoka na shingo inayokataa pande zote. Nililia njiani, na safari hii shuka lilinifaa.

Kwa Bi Zena, shangazi yake Mwanaidi, tulikaa hadi ng'onda iishe sokoni. Bi Zena alipika vitumbua kwa kuuza, kwa hiyo mchana kutwa alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda kifupi chenye chuma cha meno mbele. Mimi nilikaa mkekani ubavuni pake. Aliwasema watu wote wa Kibiti, nyumba hata nyumba, nami nikicheka naye uso kwa uso. Siku ya tatu vidole viliamka. Nikaisifu dawa ya Mzungu mpaka nikaona aibu kwa niliyokuwa nimeyawaza juu yake.

“Dawa ipi, mwanangu?” akauliza Bi Zena. “Ile n'mejichua magoti yangu. Wewe n'nakuchua mafuta ya nazi.”

Kabla sijamgombeza, Hamisi akaingia, akasimama mbele yangu kunieleza bei ya ng'onda. Nikainua uso kumsikiliza, na ganzi ikateremka begani palepale. Nikamtazama Hamisi, nikamtazama Bi Zena kwenye kigoda chake.

“Shemeji, kaa chini.”

“Nikae wapi?”

“Hapo kwenye mbuzi. Shangazi, mpishe.”

“Mwanamume mzima nikae mbuzi? Nikune nazi?”

“Kaa!” nikamkemea. Akakaa, amebana magoti, anakiogopa kile chuma. Ganzi ikapungua. Nikaona ugonjwa wa shingo yangu ulivyokuwa miguuni mwa watu wengine.

Kurudi, nilijifunika kanga nyekundu na kichwa nimekiegemeza juu, nikisalimia kila tuliyekutana naye. Hakuna aliyetoa bega. Hamisi alinung'unika hadi Nyamisati kwamba nilikuwa na faida zaidi nikiwa maiti.

Salale sasa, mlangoni pangu pana mbuzi ya nazi. Anayetaka dema, anayeleta habari, anayekuja kunionea huruma, wote hukalia hiyo. Jumbe alikataa, akanihutubia wima. Nami nikayajibu magoti yake kwa heshima zote: “Ndiyo, jumbe. Hewala, jumbe.” Watoto wakacheka, na siku ya pili akakaa, ila uso ameugeuzia njiani.

Shingo haijapona kabisa; nikisuka kutwa nzima huniuma, na usingizi huwa mfupi. Lakini vidole ni vyangu na uji nakula mwenyewe. Ijumaa iliyopita walinibeba msikitini, mahali ambapo hata jumbe hukaa chini bila kuombwa. Tulipomaliza sala nikatoa salamu kulia. Kisha nikageuka kushoto, polepole, ikaenda, ikafika. Jumbe alikuwa ameketi pale, uso wake sawa na wangu, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba ana makengeza.