Faili la Baba

Miaka ya tisini ofisi yetu ya meli pale kisiwani Nosy Be ilikuwa na kompyuta moja, na tawi la Mahajanga moja, na kila asubuhi ziliunganishwa kwa waya wa simu. Nilipiga namba, modemu ikapiga mayowe yake, kisha mafaili ya Mahajanga yakajitokeza mbele yangu. Yote. Fundi alikuwa amenionyesha namna ya kuchukua orodha za mizigo tu, ila hakufunga kitu kingine chochote. Neno la siri lilikuwepo, nalo lilikuwa jina la kampuni! Kabati la chai la ofisi hiyohiyo lilikuwa na kufuli mbili.

Kompyuta ya Mahajanga alikuwa akiitumia kaka yangu. Asubuhi moja, katika mafaili yake, niliona moja limeandikwa "Baba". Mimi mdaku, sikatai. Nikalifungua.

Lilikuwa tangazo la kifo, la kusomwa redioni kwa Kimalagasi. Jina la baba yetu, mtaa wetu, msikiti wa kumswalia. Siku na saa vimeachwa wazi. Sisi watu wa asili ya Ngazija, habari ya msiba huletwa na mtu mzima, akaketi kwanza, akakushika mkono. Mimi nililetewa na kioo cha kompyuta. Nikasoma huku nalia mpaka nikafika kwenye watoto. Tulizaliwa saba. Majina yalikuwa sita.

Nilihesabu kwa kidole, nikarudia. Aliyekosekana ni mimi.

Niseme ukweli: nilikuwa nimeolewa na Mkatoliki wa Nosy Komba, na baba hakuwa amesema nami kwa miaka mitatu. Nilijua ana hasira. Sikujua kwamba amenifuta.

Laini ya simu ilikuwa hiyohiyo moja, ikabidi niikate kompyuta ndipo nimpigie kaka.

"Baba amefariki lini?"

"Nani kakwambia? Baba yu hai. Amezidiwa, lakini yu hai. Umeingia kwenye mafaili yangu?"

"Nani amenitoa?"

"Mdogo wangu, usiniulize hilo."

"Nani, kaka?"

"Yeye mwenyewe. Yeye alitamka, mimi nikachapa."

Nikamkatia simu. Nikakosea namba ya kompyuta mara mbili. Nilipoipata, nikafungua faili na kuandika jina langu katika nafasi ya tatu, kama nilivyozaliwa, chini ya jina la kaka. Nikahifadhi. Mashine haikuuliza mimi ni nani. Hapo nilishikwa na woga wa kweli, maana mtu yeyote mwenye simu angeweza kuingia katika ukoo wetu au kumtoa amtakaye. Niliogopa, lakini sikufuta.

Ningeweza kusafiri kwenda Mahajanga kumwona. Sikwenda. Nilijiambia kazi ni nyingi, tena jina langu limekwisha kuwekwa, ya nini kwenda kujidhalilisha?

Juma lililofuata kaka alinipigia alfajiri. Baba amekwenda. Asubuhi hiyo nilikaa na mume wangu karibu na redio. Mtangazaji akasoma dada mkubwa, kaka, kisha mimi. Nikashusha pumzi. Akaendelea mpaka wa saba, halafu akasoma jina moja zaidi. Langu tena.

Nilimpigia kaka nikifoka. "Unanifanyia mzaha siku ya msiba?"

"Mzaha gani?" Alikuwa akilia. "Juzi baba aliniita, akasema nikuongeze. Nimekuongeza mwishoni. Huko juu sikusoma, macho yalikuwa hayaoni kwa machozi."

"Alisema nini kingine?"

"Aliuliza kama utakuja. Aliuliza tena jana."

Simu ilibaki mkononi mwangu. Kama kompyuta ile ingenikatalia, ningepanda boti siku ileile kwenda kumwomba baba jina langu, na ningemkuta yu hai.