Nyanya Nilizopanda Manda

Nakumbuka asubuhi niliyofungasha nguo zangu nirudi kwetu Njombe, kisa nyanya. Cheka tu, mwanangu, ila mimi siku ile nililia.

Nilikuwa nimeolewa Manda, kwenye joto la Ziwa Nyasa. Mbena wa baridi mimi, nikamwomba mama mkwe shamba lake la bondeni nilime nyanya kama kwetu. Akanipa, ingawa ndilo lililolea wanawe. "Ngoja kwanza mvua zikatike," aliniambia. Nikasema moyoni, huyu mama wa kuanika dagaa atanifundisha nini kuhusu nyanya? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa na miguu yote miwili ya kuvunja.

Nilipanda mvua zikiwa zimeshamiri, miche imebanana. Joto likapukutisha maua. Majani yakaingia madoa meusi, kisha mashina yakaanza kunyauka yangali mabichi, moja baada ya jingine, hadi shamba zima likanuka uozo. Nilishindwa hata kumtazama mama usoni. Ndipo nikafunga mzigo.

Akanikuta mlangoni, jembe begani.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwetu, mama. Nimekuharibia shamba."

"Kwenu ni hapa. Tua huo mzigo, twende tukang'oe."

Tuling'oa mimea yote tukaichoma, pale tukaja kupanda mahindi. Mvua zilipokatika na hewa kupoa kidogo, alinipa kipande kingine. Tukainua matuta, tukaiachanisha miche upepo upite, kila mmoja na mti wa kuuegemea, na nyasi kavu chini yake. Maji tulimwagilia asubuhi, shinani. Nikilowesha majani alinipiga kikofi mkononi, tukacheka.

Mwanangu, zilizaa! Tulikula, tukauza, tukagawa. Majirani walipokuja kuniuliza siri, niliwaelekeza kwa mama, naye akajifanya hasikii, huku anatabasamu.

Basi wewe unayekwenda kuanza maisha ugenini, ujuzi wa kwenu ubebe, lakini ukifika uulize wenyeji mvua zao hukatika lini. Ukikosea, usikimbie. Ng'oa kilichooza, upande tena, maana kosa moja halimfanyi mtu kuwa mkosaji wa maisha.

Mungu akujalie udongo mwema, na watu wa kukukemea kwa upendo. Mikono yako isikose cha kuvuna wala cha kumpa jirani.