Mashine ya Kukoboa Ikinyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, cheti kimo kwenye bahasha, nimepangiwa Muheza, na nilidhani nitakabidhiwa shamba la mfano. Afisa kilimo aliyenipokea alikuwa mzee mfupi, sauti yake ya kugomba hata anaposalimia. Alinitazama miguuni kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu leo vitakoma. Twende mashineni."

Mashineni, si shambani. Alinikalisha juu ya debe lililopinduliwa, akaniambia nisifanye lolote ila kuhesabu. Banda lilikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ya kukoboa, ile inayovua punje ya mahindi ganda lake. Ya pili ya kusaga. Aliyekoboa kwanza alitoka na sembe nyeupe na kuacha pumba nyuma. Aliyepeleka mahindi moja kwa moja kwenye kusaga alitoka na dona, unga wenye kila kitu chake. Jioni nilikuwa na unga mpaka kwenye kope, na mzee akaja kuniuliza wangapi wamekoboa.

"Karibu wote," nikamwambia.

"Basi bado wana chakula. Mtu wa pwani umpe dona kaona umemwadhibu. Siku utakapomwona anaipita mashine ya kukoboa kama haioni, ujue amechungulia ghalani akakuta kumebaki kidogo. Hata pumba hataki kuiacha. Na usimwulize kama ana njaa, binti, hatakwambia. We sikiliza mashine."

Kazi hiyo siku hizi ina jina refu: tahadhari ya mapema ya upungufu wa chakula. Maana yake ni kujua njaa inakuja kabla haijakaa sebuleni. Vijana wa kazi hii wameniomba niwaandikie jinsi tulivyoifanya, na mmoja akaniomba niandike kwa upole. Upole nilishautumia wote kazini. Nina hasira, na sababu mtaiona.

Kutoka Muheza nilihamishiwa Kigombe. Huko, Afisa Mtendaji wa Kata alinifundisha kwamba samaki wanaweza kujaa pwani na jikoni kusiwe na unga, kwa hiyo usimsifu mvuvi kwa samaki wake mpaka umejua mkewe amenunua nini sokoni. Nilikaa miaka mingi, nikazaa watoto wawili, nikawa Bibi Shamba wa kila mtu. Halafu nikapelekwa kaskazini, kijiji kimoja upande wa bara ya Moa. Jina lake nalihifadhi, wenyewe wako hai na wana haya zao.

Huko ndiko nilikojenga kitu ninachojivunia. Mwenye mashine alikuwa Mzee Bakari, Mdigo mwembamba, mcheshi, asiyejua kusoma ila anajua kila gunia la kijiji limetoka nyumba gani. Nesi wa zahanati alikuwa Eliza, Mshambaa wa Kilutheri, ambaye kila wiki alipima watoto uzito. Sikuwaandikia barua ya ushirikiano. Nilikwenda kwa kila mmoja, nikanywa chai yake, nikamwuliza yeye huwa anaijua njaa kwa alama gani. Kila Alhamisi tulikutana bandani kwa Mzee Bakari. Yeye alikuwa akichora vijiti kwa mkaa ukutani: upande mmoja waliokoboa, upande wa pili waliosaga tu. Eliza alileta daftari lake la uzito. Mimi nilileta habari za mashamba. Vijiti vya upande wa pili vilipozidi, niliandika ripoti, na mara mbili mahindi ya msaada yalifika kabla watu hawajaanza kuuza mitetea yao.

Maafisa ugani wapya niliwafundisha palepale bandani. La kwanza niliwafundisha kuuliza. Pwani ukimwuliza mama, "Mna chakula?" atakujibu, "Alhamdulillahi, riziki ipo," na atakukaribisha ule, hata kama kilichopo ni uji wa mtoto. Atakuficha njaa yake kama anavyouficha mwili wake. Kwa hiyo unamwuliza, "Mama fulani, mara ya mwisho ulikoboa lini?" Hapo hakuna aibu. Atakujibu huku anapeta, na wewe utakuwa umejua.

Kisha ukaja mradi.

Sitautaja, maana jina lake halina umuhimu. Ulikuja na magari, na neno lake kubwa lilikuwa wadau. Tukaitwa warsha ya siku tano hoteli ya Tanga mjini, kujengewa uwezo. Nilipeleka majina matatu: langu, la Eliza na la Mzee Bakari. Likarudi la kwangu peke yake. Eliza, walisema, ni wa idara ya afya, atakuwa na warsha yake. Mzee Bakari hana cheti. Nikamwuliza mratibu, "Mwenye cheti cha kusikiliza mashine umemwona wapi?" Akacheka, akadhani natania.

Tukagawiwa vishikwambi, na ndani yake fomu. Swali la kwanza: *Je, kaya ina chakula? Ndiyo au Hapana.* Loo! Swali lilelile nililokatazwa siku ya kwanza! Na chini, kwenye sehemu ya lishe bora: *Je, kaya inatumia unga usiokobolewa?* Ukijibu Ndiyo, kaya inapata alama nzuri.

Nilisimama. Nikasema dona kwa aliyeichagua ni lishe, sikatai, lakini kwa kijiji kizima kinachopenda sembe kugeuka ghafla ndani ya mwezi mmoja, hiyo ni njaa inabisha hodi. Mwezeshaji akaniambia hoja yangu ni nzuri sana, ataiweka kwenye karatasi ya hoja za baadaye. Akaibandika ukutani kwa gundi. Tukaenda kunywa chai.

Mwaka uleule vuli ilikata mapema. Mihogo nayo ilikuwa imeoza chini kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Alhamisi moja Mzee Bakari alinipokea bila mzaha wake wa kawaida.

"Bibi Shamba, mashine ya kukoboa leo siku ya nne haijawashwa. Nimeifunika gunia isiingie panya."

Ukutani kwake upande wa kukoboa haukuwa na kijiti hata kimoja. Nikaandika ripoti palepale: *Watu hawakoboi. Njaa imeingia. Chakula kiletwe ndani ya wiki mbili.* Nikaipeleka mwenyewe kwa Mkuu wa Idara wilayani.

Alikuwa na takwimu za vishikwambi mbele yake. Afisa wetu mpya, Joseph, kijana mwadilifu aliyefunzwa na mradi, alikuwa amepita nyumba zote. Chakula: Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Dona: Ndiyo kila nyumba.

"Mama," Mkuu wa Idara akasema, "tumehubiri dona mwaka mzima. Leo watu wameitika, wewe unanuna?"

"Mkuu, hawajaitika. Wameishiwa."

"Una takwimu gani?"

"Ukuta wa Mzee Bakari."

Akacheka, na watu wawili waliokuwa ofisini wakacheka naye. Akafuta maneno yangu, akaandika ya kwake: *Kijiji kimeonyesha mwamko mkubwa wa lishe. Hali ya chakula ni ya kuridhisha.* Akanisogezea karatasi.

"Tia saini, Mama. Umebakiza miezi michache ustaafu. Usijiharibie."

Nikatia saini. Ndiyo, nilitia. Hakunishika mkono. Nilifikiria kiinua mgongo, nikafikiria ada ya mwanangu, nikashika kalamu. Nikikasirika leo kwa ajili ya wengine, wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Wiki ya tatu Eliza akanipigia simu asubuhi. "Njoo kwa Mwanasha." Mwanasha alikuwa mjane mwenye watoto watatu, nyumba ya pili kutoka mashineni. Njaa ilipombana alikwenda msituni kuchimba ndiga, kiazi cha mwitu chenye sumu. Wazee wanakila miaka mibaya, lakini lazima kilowekwe siku kadhaa, maji yakibadilishwa, mpaka ukali uishe. Mwanasha alikiloweka usiku mmoja. Watoto walikuwa wanalia. Wawili walitapika wakapona. Mwanahawa, binti wa miaka minne, hakupona.

Nilimkuta mama yake amekaa mkekani, macho makavu. Joseph alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia.

"Mwanasha, kwa nini hukusema?" nikamwuliza. Swali la kijinga, nalijutia mpaka leo.

"Nilisema, Bibi Shamba. Kijana wenu huyu aliniuliza kama nakula dona. Nikamwambia ndio, siku hizi ni dona tu." Akamtazama Joseph. "Akaniambia hongera."

Joseph alitoka nje akaenda kulia nyuma ya choo. Mimi nilibaki pale, na sikuwa na pa kwenda kulia, maana karatasi yenye saini yangu ilikuwa imeshatumwa mkoani. Chakula cha msaada kilifika mwezi uliofuata. Mkuu wa Idara alikuja na wapiga picha.

Nilistaafu. Nilipewa vitenge, jokofu na hotuba. Mkuu wa Idara alisema mimi ni hazina, na nikapigiwa vigelegele. Nilikaa kwenye kiti cha mapambo nikitamani kumrushia lile jokofu.

Mnaouliza uzoefu wangu, wanangu, ndio huo. Ustadi wa kazi hii ni kujua nani wa kumwuliza na namna ya kumwuliza, na kumwamini mwenye mashine hata kama hajui kuandika jina lake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini akitaka anaweza kukaa juu ya debe akahesabu. Joseph amelielewa hilo. Hajaomba uhamisho. Kila Alhamisi yuko bandani, na kila anapopita kwa Mwanasha humsalimia kwa kuinama. Fomu ndiyo ambayo haijaelewa. Nilikwenda wilayani mwaka huu kuwaomba wakiondoe kile kisanduku cha dona kwenye alama nzuri. Nikaambiwa fomu imetoka juu, nisubiri mapitio. We! Watoto wangesubiri mapitio?

Juzi Mzee Bakari kanipigia. Sauti imezeeka lakini habari zake ni zilezile.

"Bibi Shamba, nimeifunika tena gunia."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tano."

Nikampigia Joseph, alikuwa ameshahesabu vijiti. Tukaenda wote wilayani. Mkuu wa Idara wa sasa ni mwingine, mpole, amenikaribisha kiti na soda. Akasema ameshaona kwenye mfumo, alama za lishe zimepanda vizuri. Nikasukuma soda pembeni. Nikamwambia habari ya Mwanahawa, tangu mwanzo, na Joseph akamalizia pale niliposhindwa. Mkuu akasema, "Andika, Mama. Nitaipeleka juu leo hii."

Sijui kama ameipeleka. Nitamfuata kesho, na keshokutwa, mpaka nilione gari la mahindi. Lakini barua niliiandika mezani kwake, kwa mkono wangu, maneno yaleyale aliyoyafuta mwenzake: *Watu hawakoboi. Njaa imeingia.* Alipotaka kunisaidia kurekebisha sentensi nikaivuta karatasi, nikatia saini, ndipo nikampa.