Nilipeleka maswali ya manispaa ya Uholanzi kwenye kikao cha ukoo Nkoaranga

Wakuu, habari za majukumu.

Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Ni mambo ya nyumbani kwetu kabisa, na ndugu zangu wengine wamo humu humu jukwaani, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitaumbuliwa mchana kweupe.

Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, sasa naishi Olasiti. Kabla ya hapo nilikaa Uholanzi miaka kadhaa nikiwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa dawa.

Watu hawaachi kuniuliza, "Dada, huko na huku wapi bora?" Jibu langu limebadilika tangu mama yangu avunjike nyonga.

Nianze na mazuri ya kule, najua wengine mmeshaanza kusonya.

Mzee wa Kiholanzi akizidiwa, manispaa inamtuma mtu nyumbani kwake. Mzee haitwi ofisini kupanga foleni. Afisa anakuja, anapewa kahawa, wanaongea kwenye meza ya jikoni. Wewe mwenyewe unaweza nini? Watoto wako wanaweza nini? Majirani je? Panapobaki pengo, serikali inatafuta mtu wa kuliziba.

Halafu kuna jambo moja nililipenda kuliko yote. Yule anayemlea mzee naye anaulizwa kama amechoka. Akisema ndiyo, hakuna anayemshangaa, anatafutiwa mtu wa kumshikia zamu akapumzike.

Mabaya yapo, tena yanauma. Kodi inakatwa hadi unajiuliza umefanya kazi ya nani. Na upweke, wakuu. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia ana binti mtaa wa pili tu, lakini binti akitaka kuja anapiga simu kuweka appointment kwa mama yake mzazi.

Na mimi muda wangu ulikuwa umepangwa. Soksi zikishavaliwa naondoka, hata kama bibi yuko katikati ya hadithi ya ujana wake. Nilikuwa naumia sana, na siku nilizokaa kumsikiliza nilichelewa kwa mzee mwingine nikasemwa.

Sasa turudi Meru.

Mama aliteleza wakati wa mvua kwenye kijia cha kwenda migombani. Akatibiwa, akaruhusiwa, ila kutembea mwenyewe ikawa mtihani. Anaishi uwanja mmoja na kaka yangu Eliamani na mkewe, Mama Glory. Huyu wifi yangu anauza ndizi na parachichi katika soko la Maji ya Chai. Tangu mama aanguke, meza yake sokoni ikawa tupu.

Ukoo ukakutana. Tukaomba, tukanywa chai, kaka yetu mkubwa aliyekuja kutoka Dar akauliza nani atamwangalia mama.

Tukajibu kwa pamoja, "Tupo."

Mnalijua hilo "tupo". Kwetu mtu akiulizwa habari ya mzazi hasemi siwezi. Hata aliye mbali na hana nauli atasema yupo. Ni heshima, na kusema kweli naipenda.

Lakini nilimwona Mama Glory amekaa karibu na mlango, kila mara ananyanyuka kwenda chumbani kwa mama. Yeye peke yake hakusema yupo. Na ndiye aliyekuwepo.

Nikajifanya afisa wa manispaa. Nikaanza kuuliza mmoja mmoja: wewe unaweza nini, na siku gani?

Kaka mkubwa akakohoa. Shangazi akanitolea uvivu: "Mwanangu, Ulaya imekuharibu. Mama yako hapangiwi zamu kama lindo la benki."

Sikusikia. Nikamgeukia wifi. "Mama Glory, umechoka?"

Wakuu, swali hilo kwetu haliulizwi mbele za watu. Mke wa mtu akisema amechoka kumlea mkwe wake, maneno yanafika kanisani kabla yake. Eliamani alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Nikajua nikikosea hapa, nitaondoka na kumwachia mwanamke wa watu vita ndani ya nyumba.

Mama Glory aliinamisha kichwa, akavuta kitenge chake.

"Mama nampenda," akasema. "Ila peke yangu siwezi, wifi. Mgongo umekataa."

Ndipo mama akaita kutoka chumbani.

"Huko kwa Waholanzi, mgonjwa mwenyewe haulizwi?"

Niliona aibu. Kule mzee ndiye anayeulizwa kwanza, na mimi nililijua hilo kuliko wote pale. Nilikuwa nimeuliza ukoo mzima nikamruka mwenye nyonga yake. Tukahamia chumbani, wengine wakasimama kwa kukosa pa kukaa.

Mama akasema, "Mama Glory arudi sokoni. Tangu ameacha sijui nani kaoa wala nani kazaa. Mnaniogesha, mnanilisha, mnafunga mlango. Nimevunjika nyonga, sijafa."

Eliamani ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu akaniambia, bila kuniangalia vizuri, kwamba yeye atapika.

Tukapanga hapo hapo kitandani. Siku za soko napanda mimi kutoka Olasiti kuja kukaa na mama. Kaka mkubwa anamgharamia mama mmoja jirani, anakuja asubuhi kumwogesha. Eliamani anapika mtori wa ndizi, mzito mno, lakini mama anaumaliza. Na shangazi ndiye mkali kuliko wote akiona mtu amechelewa zamu yake.

Jioni za soko Mama Glory anarudi, anavua viatu, anakaa kitandani kwa mkwe wake na kumwaga habari zote za Maji ya Chai. Mama anacheka huku ameshika nyonga. Nikiwakuta hivyo nafurahi sana, wala sitamani kuwa kwingine.

Sisemi tumewashinda Waholanzi. Kaka mkubwa akiyumba kesho, hatuna manispaa ya kuziba pengo, na hilo la wenzetu bado nalitamani. Lakini yule bibi wa kule alikuwa na kila huduma, akakosa mtu wa kumaliza naye hadithi moja.

Nilichojifunza: maswali yao ni mazuri, tuyachukue. Haraka yao tuwaachie.

Mlioko ughaibuni nirekebisheni nilipokosea, na mliobaki nyumbani nipingeni kwa hoja. Ila kabla hujaandika hapa chini kwamba kwenu mama analelewa vizuri, mpigie simu yule anayemwogesha. Muulize yeye anaendeleaje.