Waya ya Upande wa Kulia

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi jua kali, alasiri mvua ya mawe ikapiga mabati hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Mawe yakipiga hivi, rafiki yangu, narudi mwaka 2016, kwenye ziwa dogo mashariki ya Johannesburg. Sikusoma sana, labda nakosea mengine.

Baba, mtu wa Tanga, alikuwa fundi cherehani. Jirani yetu pale Kensington, Mkongomani wa Kalemie, alilinda mashua ziwani, na tajiri wake alimwachia moja ndogo, kuukuu. Asubuhi nzima waligombania waya mbili zinazoshika mlingoti kushoto na kulia. Jirani alizikaza kwa spana, akizidonoa kwa kidole mpaka zikalia sauti moja. Baba akacheka. Kwao kamba ya upande upepo unakokwenda hulegezwa, na chombo kikigeuka wanabadilisha.

"Waya haiko kamba, ndugu," jirani alisema. "Kamba unafungua na mukono. Hii, utashika spana mu mawimbi?"

"Mlingoti si mfungwa, bwana. Uache upumue."

Jirani alipokwenda kuchukua koti, baba alilegeza ya kulia, kwa kuwa upepo ulitoka kushoto. Kusema haki, hakuwa na ubaya. Ndivyo babu alivyomfundisha.

Tulikuwa watatu katikati ya ziwa wingu lilipopasuka. Upepo ukageuka ghafla, ukatupiga kutoka kulia. Tanga la mashua likaruka, mlingoti ukalifuata, na waya iliyolegea ilipoudaka ilikuwa kwa kishindo: ikang'oka na kipande cha ubao. Mlingoti ukamwangukia jirani begani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mawe yakatupasua vichwa, na baba akapiga kasia huku damu inamwingia machoni.

Ufukweni jirani, mkono mmoja unaning'inia, alimpiga baba ngumi ya taya. Baba akaanguka matopeni. Jirani akamwongezea teke la mbavu, na jingine.

"Ingekuwa mimi peke yangu, ningenyamaza. Unalegeza waya, na mutoto wako iko ndani?"

"Piga," baba alisema. Hakuinua mkono.

Mpaka leo siwezi kuamua. Jirani alikuwa na haki ya hasira, ila teke la pili sijui. Akahamia Diepsloot, mbali kaskazini ya jiji, bila kuaga. Utani wao juu ya ukuta wa uani, Tanga na Kalemie wakichekana Kiswahili, ukaisha. Wadogo zangu sasa wananijibu Kizulu.

Jioni ya siku ile ya ziwani tulikula pap, ugali wa huku, na kabichi. Baba, kwa ajili ya taya, alipewa uji, na mama hakuutia sukari, ingawa kopo lilikuwa mezani.