Tenki ya intercooler ilikuwa tupu, na Hassan Dheere ndiye aliyelaumiwa

Injini ikianza kugonga kwa sababu ya hewa moto, sauti yake ni kama mtu anatikisa changarawe ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.

Mimi nilisikia hiyo sauti. Nilikuwa kiti cha kushoto, kidole kiko kwa swichi ya maji, nabonyeza, nabonyeza, na taa ndogo ya kijani inawaka kuniambia kila kitu kiko sawa.

Hassan akasema, "Walaal, maji."

Nikamwambia nimefungua.

Akasema tena, "Maji, walaal."

Halafu kitu kikavunjika huko mbele, injini ikashikana, magurudumu yakakataa kuzunguka, na nikaona barabara ya Modogashe iko juu ya kichwa changu badala ya kuwa chini.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Hassan. Walaal ni ndugu. Maji mnajua.

Wakuu, asalaam aleikum. Nimetawadha kabla sijashika simu, ili nikidanganya nijue nimedanganya nikiwa na udhu. Mimi shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya vumilieni. Nimekuwa nikisoma nyuzi za watu wa magari humu miaka mingi bila kusema neno. Juzi mtu aliuliza kama kumwagia intercooler maji kunasaidia. Wengine mkacheka. Sikulala vizuri.

Kunasaidia. Nitawaambia nani aliyenifundisha.

Ilikuwa mwaka uliotangulia El Niño, wakati wa ule ukame. Mimi na Hassan tulikuwa mafundi Galbet, mtaa wa Garissa, karakana ya mabati, tukitengeneza malori ya kwenda Takaba na Mandera. Aliitwa Dheere kwa sababu alikuwa mrefu. Akiingia chini ya gari miguu yake ilibaki nje, na watu walikuwa wanairuka kama mtaro. Zaidi ya ufundi, aliendesha pikapu za miraa. Hakuna mtu wa Garissa aliyejua ile barabara ya murram ya kaskazini kama yeye.

Mwaka huo mashindano ya magari yakaletwa huku kwetu. Timu moja ya Nairobi ikatafuta dereva anayejua njia. Wakamchukua Hassan, naye akasema hapandi bila mimi. Ndivyo nilivyokuwa navigeta, mtu ambaye ramani nilikuwa naishika juu chini.

Meneja wa timu aliitwa Desmond. Shikeni hilo jina.

Gari ilikuwa ya turbo, ya Kijapani. Kwa wasiojua: turbo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Umewahi kujaza baiskeli upepo? Shika ule mdomo wa pampu uone ulivyo moto. Hewa ikibanwa inapata joto, na hewa moto ni nyepesi, injini inakula nyingi na haishibi. Mbaya zaidi, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa kichwani ikiwa bado inapanda. Ndiyo ile changarawe.

Kwa hivyo kuna intercooler. Ni redieta, lakini ya hewa. Inapoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda.

Sasa, inapoza kwa kutumia upepo wa nje. Nairobi sawa. Garissa saa saba mchana huo upepo wenyewe umetoka jikoni.

Mafundi wa Nairobi walihangaika siku mbili. Gari ikikimbia kidogo inaanza kugonga. Hassan alikuwa amekaa kwenye tairi, anakunywa chai, anawatazama. Akaniuliza, "Noor, ule mfuko wa turubai unaoning'inia mbele ya lori, mbona maji yake yako baridi na jua limewaka hivi?"

Nikamwambia kwa sababu unavuja jasho.

Akasema, "Basi. Hii kitu ya hewa tuifanye itoke jasho."

Tukatafuta mtungi wa lita ishirini, tukaufunga nyuma ya viti. Tukachukua pampu ya kuosha kioo kutoka gari mbovu, yeye aliita bampu, kama sisi wote. Tukachukua bomba jembamba, tukalitoboa kwa msumari mwembamba wa moto, tukalipitisha mbele ya intercooler. Swichi na taa tukaweka upande wangu; taa ilionyesha swichi imewashwa, si kwamba maji yapo. Maji tulichuja kwa kitambaa cheupe, kwa sababu uchafu ukiziba yale matundu umekwisha.

Desmond alicheka. "Nyinyi wazee mmeamua kumwogesha nani?"

Hassan akaingia garini. Alikimbiza gari mpaka daraja la Tana na kurudi bila maji, akamwambia Desmond ashike bomba la hewa linaloingia kwenye injini. Akashika, akaruka. Akakimbiza tena, na maji. Desmond akashika tena, na mkono ukakaa pale pale, kama mtu ameshika kikombe cha chai iliyopoa.

Wakuu, niache gari kidogo.

Maji yale yakigusa chuma cha moto chenye vumbi yalikuwa yanatoa harufu. Ilikuwa harufu ya Garissa mvua ikidondoka mara ya kwanza baada ya kiangazi. Hassan alikuwa anafungua kioo makusudi aivute. Aliniambia, "Kila mtu anangoja mvua, sisi tuna swichi yake."

Nimeishi na hiyo sentensi tangu wakati huo. Siwezi kuelezea ninavyomkumbuka yule mtu. Simuoti. Ila mvua ikianza, kabla ardhi haijalowa yote, kwa dakika moja hivi, yuko.

Turudi. Desmond alipoona bomba limepoa akafurahi, akapandisha boost. Sasa turbo inasukuma zaidi ya ilivyopangwa. Hassan akamwambia mbele yangu, "Boost hii ni ya maji. Maji ikiisha, boost irudi." Desmond akasema sawa, tumekubaliana. Akaleta jerikani moja ya njano kwenye gari la huduma, ya kujaza tenki yetu kituo cha katikati. Mimi ndiye niliyeiandika kwa rangi nyekundu: INTAKULA TU. Ndivyo nilivyojua kuandika intercooler. Walinicheka siku nzima.

Siku ya mashindano tulitoka vizuri. Tulipita wawili wakiwa wamekwama mchangani.

Kabla ya kituo tukamkuta mama mmoja kando ya njia, na watoto wawili na punda. Ameinua kibuyu cha plastiki juu ya kichwa, kitupu. Magari yote yaliyotutangulia yalikuwa yamempita, vumbi limemfanya mweupe.

Hassan akasimama.

Nilimtukana. Nasema ukweli, nilimtukana. Nikamwambia tuko kwenye mashindano. Akasema, "Sisi ni watu wa hapa, Noor. Kesho tukipita na kombe, tutamwangalia na macho gani?"

Maji ya kunywa tuliyokuwa nayo ni chupa moja. Tukampa. Halafu Hassan akachomoa bomba la tenki, akajaza kibuyu cha yule mama, akajaza kiriba cha ngozi kilichokuwa kwa punda, mpaka tenki ikakauka. Fundi wa Nairobi asingefanya hivyo. Fundi wa kwetu hajui kufanya vingine, kwa sababu maji hayanyimwi, hata kwa mtu ambaye ndugu zake na ndugu zako wanapigana.

Mama akatuombea dua. Moja ya maneno yake ilikuwa Mungu atuondolee joto la dunia na la akhera.

Kutoka hapo mpaka kituo Hassan aliendesha kama amebeba mayai. Alibadilisha gia mapema, hakuruhusu turbo ipande. Magari matatu yakatupita na hakuyafuata. Kumbukeni hapo. Huyu ndiye mtu ambaye timu iliandika baadaye kwamba hakujua kupunguza mwendo.

Kituoni Desmond alikuwa amekasirika. "Mmepoteza nafasi tatu. Nimewaleta kushindana ama kulisha wilaya?"

Hassan akamwambia, "Kunywesha, bosi. Kulisha ni kazi ya serikali." Watu wakacheka. Halafu akasema taratibu, bila mzaha, "Tenki ni tupu kabisa. Jaza. Kama hujajaza, teremsha boost."

Desmond akasema, "Nimesikia."

Tulikuwa na dakika chache. Tukaenda nyuma ya lori la huduma tukasali adhuhuri, rakaa mbili za safari. Tuliporudi, bonet ilikuwa inametameta, maji yanadondoka kwenye bampa.

Hassan akauliza, "Maji iko?"

Desmond akapiga paa la gari kwa kiganja. "Full tank, wazee. Kanyaga."

Akakanyaga. Hata nusu saa haikuisha. Yaliyofuata nimeyaandika pale juu.

Mimi nilivunjika nyonga na mguu, mpaka leo natembea kama meza mbovu. Hassan tulimzika Garissa. Ripoti ya timu ilikuwa mistari mitatu, nikasomewa hospitalini: dereva alizidisha mwendo ili kufidia muda aliopoteza kwa uzembe wake. Wakamsomea na mama yake, Hooyo Halima, anayekaa Waberi. Yeye hasomi. Aliuliza neno moja tu, uzembe ni nini. Wakamweleza.

Baadaye mvua ya El Niño ikaja. Tana ikapanda, barabara zikakatika, watu wakawa wanasafirishwa kwa boti. Mimi nimelala kwenye mkeka na chuma mguuni, nikiwaza lita ishirini.

Miaka mitatu baada ya ajali nilikwenda Nairobi kutafuta vipuri vya redieta. Kwenye duka moja ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mashindano yale. Nikasogea.

Ni gari letu, kituoni. Bonet inang'aa, stika za wafadhili zinasomeka zote. Kwa nyuma, mbali kidogo, Hassan anatoka kusali, anakunja mkeka, anacheka na mtu. Na mbele Desmond, mikono juu, anamwagia bonet maji kwa ajili ya kamera. Jerikani ni ya njano, mdomo umeangalia chini, na ubavuni kuna maandishi mekundu.

INTAKULA TU.

Mwandiko wangu mwenyewe, wakuu. Sikuwahi kufurahia kusoma kitu, na hicho nilikisoma mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Alinikubalia nitoe kopi. Nikampigia Desmond simu. Akasema, "Acha marehemu apumzike, Noor," akakata. Namba ikabadilishwa.

Sasa mtaniuliza, mbona picha hiyo hujampelekea Hooyo Halima miaka yote hii? Anayo haki, na ndiyo picha ya mwisho ya mwanawe akicheka.

Hapa ndipo udhu unaponibana.

Kutia kidole kwenye tenki kabla ya kuondoka ilikuwa kazi yangu. Ya navigeta. Sikutia. Niliona bonet imelowa, nikajisemea wamemwagikiwa wakijaza. Nchi ya ukame, mtu gani angemwaga maji mazima juu ya gari? Akili yangu haikuwa na mahali pa kuweka jambo kama hilo. Lakini kifuniko kilikuwa karibu na bega langu, na mkono nilikuwa nao.

Kwa hivyo majina ni mawili, Desmond na Noor.

Nilichojifunza ni kidogo. Hewa ya injini ipoze, na aliyekudharau kwa hilo mwambie ashike bomba. Na kitu kikiwa kimelowa nje usiseme kimejaa ndani. Fungua uangalie, hata kama anayekuambia ana suti ya timu.

Ijumaa hii baada ya sala naenda Waberi na ile kopi. Hooyo Halima macho yake yamefifia, nitamweleza kwa mdomo kila kilichomo, akicheka Hassan nitasema anacheka. Nitamwambia lile neno uzembe lilikuwa la nani. Jina langu nitalisema mimi.

La pili si langu kulisema. Wenye uzoefu wa turbo na maji wekeni yenu hapa, nitasoma yote. Lakini najua humu kuna watu wa mashindano ya zamani, na mmoja wenu anakunywa chai na Desmond. Mwonyesheni huu uzi.

Desmond, tulikuambia tenki ni tupu. Jerikani ilikuwa moja. Mwambie mama wa watu, kwa jina lako kamili: yale maji uliyaweka wapi?