Kuku wa Kupeleka Ngomeni

Harufu ya chokaa iliyoloweshwa maji hukufikia kabla hujaiona chokaa yenyewe. Ni kali na ya baridi, inakwaruza koo, na ukiivuta sana macho yanatoa machozi bila ruhusa yako. Juzi iliniingia nikiwa nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Mumbuni, nikianika nguo za watoto. Kuingia ndani, nakuta fundi amepanda juu ya stuli yangu, brashi mkononi, anapaka ukuta, na watoto wangu wawili wamelala kitandani chini yake na madoadoa meupe kwenye nywele. Mwenye nyumba ndiye aliyemtuma. Hakuniambia, na fundi naye hakupiga hodi.

Nilifoka mpaka majirani wakatoka na vijiko mikononi. Nilimwambia fundi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu katikati ya kufoka ile harufu ikanishika vizuri, nikanyamaza na mdomo wazi. Maskini fundi akadhani nimepatwa na kitu. Kumbe nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kola, niko na miaka minane, nimesimama mbele ya Ngome huku moyo unaruka kama panzi.

Acheni niwaambie kuhusu hiyo Ngome, maana bila hiyo hamtaelewa hasira za watu wa kwetu.

Ilikuwa nyumba ya mawe juu ya kilima, imejengwa na Mzungu mmoja zamani, kuta nene kama ng'ombe amelala, na mnara pembeni. Sijui alimwogopa nani. Baada yake walikaa popo, kisha mbuzi, kisha mti ukaota ndani na kutoa kichwa kwenye paa. Sisi watoto tulikuwa tunaitazama kutoka bondeni na kuogopeshana. Halafu ukaja mwaka ambao lori zilipanda kilima na mawe na mchanga, mnara ukavishwa majukwaa ya miti kutoka chini hadi juu, na kanisani ikatangazwa kwamba Ngome inajengwa upya ili wageni waje kuiona. Sisi wenyeji tungeruhusiwa kuingia Jumamosi moja tu, wakati mafundi wanakunywa chai, maana wakiwa kazini mawe yanaweza kumwangukia mtu.

Mimi nilitaka mnara. Sikutaka kitu kingine duniani. Ndugu yangu Kioko, aliyenifuata, alitaka kuona kama mti bado uko ndani. Mdogo wetu Mwende alikuwa mgongoni kwa Mama na hakuwa na maoni.

Asubuhi hiyo ugomvi ulianzia nyumbani kwa Susu, bibi yetu, mama yake Mama. Susu alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na kwenye kiondo chake, kikapu cha kusuka, alikuwa ameweka kuku mwekundu, kichwa kikichungulia nje.

"Mumbua, shika huyu kuku," akamwambia Mama.

"Sishiki."

"Hatuwezi kuingia kwa watu na watoto wadogo, mikono mitupu."

"Kwa watu gani, mwaitu?" Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na Mama alilitumia hilo neno hata akiwa na hasira, ambayo ilikuwa kila siku. "Hicho kilima ni cha baba. Alizaliwa pale juu, wakafukuzwa pale juu. Umeona wapi mtu akibeba kuku kupeleka kwao?"

"Kilima ni cha baba yako," Susu akajibu pole pole. "Nyumba iko na mwenyewe."

Basi tukaenda hivyo, Mama mbele ananuna, Susu nyuma na kuku wake, mimi na Kioko tukikimbia kwenda na kurudi katikati yao kama mbwa wadogo. Umau, babu yetu, sikumkuta hai. Nilijua tu kwamba alikuwa mtoto wakati kilima kilipozungushiwa waya, na kwamba tangu siku hiyo mpaka anakufa hakupanda tena, hata kutafuta mbuzi aliyepotea.

Kama hukukulia kwetu, pengine utamwona Susu kama mzee msumbufu. Lakini kwetu, nyumba ambayo hujawahi kukanyaga huingii mikono mitupu, na hasa ukiwa na watoto. Unabeba kitu. Mwenye nyumba anakipokea kwa mikono miwili mlangoni, anakukaribisha, na ukiondoka anatia chochote kwenye kiondo chako, maana kiondo hakirudi kitupu. Kuanzia hapo nyumba hiyo inawajua watoto wako. Nyumba ambayo haijakupokea, unaisalimia kutoka nje na kwenda zako.

Tulipofika juu ndipo harufu ile ilinipiga. Chokaa ilikuwa inachemka kwenye shimo kando ya njia, inatoa moshi mweupe, na mafundi walikuwa wamekaa kivulini na vikombe na mandazi. Ngome ilikuwa kubwa kuliko nilivyoota. Mnara ulisimama na miti yake kama mtu aliyefungwa bendeji mwili mzima. Niliruka ruka mahali pamoja mpaka Mama akanishika bega.

Getini kulikuwa na soja, mlinzi, kijana mrefu ndani ya koti lililomzidi.

"Watu waingie," akasema. "Kuku abaki."

"Mimi na kuku tumekuja pamoja," Susu akamwambia. "Niitie mwenye nyumba."

"Susu, huyo alienda zamani sana."

"Basi yule aliyeachiwa."

"Aliyeachiwa ni serikali."

"Mwite."

Soja akacheka. Susu hakucheka.

"Susu, serikali haiitwi."

"Basi nitaingoja." Akachagua jiwe kubwa kando ya geti, juani kabisa, akaketi, akaweka kiondo mapajani na kuangalia mbele kama mtu aliye kwenye ibada.

Mama, ambaye asubuhi alikuwa adui wa huyo kuku, sasa akamgeukia soja. "Wewe kwenu ni wapi?"

"Matuu."

"Na huko Matuu mnaingia kwa watu namna gani? Kama mbuzi?"

"Mama, mimi ninajua hayo mambo," kijana akasema, na sauti ikashuka. "Ndiyo sababu siwezi kumpokea. Nikimshika huyu kuku, nimemshika kama nani? Mimi ni soja tu. Hii nyumba si yangu."

Msimamizi wa kazi akaja kuona kuna nini. Alikuwa mtu wa mbali, kofia ya njano, mkono mmoja kikombe. Soja akamweleza. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo si shida. Mpeni mpishi wetu, amwongeze kwa githeri."

Susu alimtazama kama ametukanwa mbele ya padri. "Mwanangu, sikuleta mboga."

Wakati huo familia nyingine zilikuwa zinapita tu. Watoto wa bondeni, tena wale ambao nilikuwa ninawashinda mbio, walikuwa wameshafika juu ya mnara na vichwa vyao vinaonekana. "Nduku! Nduku wee!" mmoja akaniita. "Mnauza kuku? Ni bei gani?" Wengine wakacheka mpaka nikasikia mwangwi. Kioko akaanza kulia. Mimi niliona mafundi wawili wanasimama na kumwaga masalio ya chai, na nikajua ni basi, geti litafungwa, mnara umeniponyoka. Nikamvuta Mama nguo. "Mama, mwambie Susu aache kuku. Tafadhali. Mama!"

"Niachie!"

Mama alimfungua Mwende mgongoni na kunipakatisha mimi. Halafu akampita soja kama upepo. Yule kijana alisema "Mama! Mama wewe!" lakini Mama alikuwa ameshavuka mchanga, ameinama chini ya majukwaa, amepanda ngazi za mbele na kuingia. Mlango haukuwepo, ilikuwa tu fremu mpya nyeupe kwa vumbi. Akageuka, akasimama katikati yake, mikono kiunoni. Akapaza sauti ambayo tuliizoea sisi tu.

"Nani huyo amekaa nje ya nyumba yangu?"

Vikombe vilibaki hewani. Hata wale watoto wa mnarani waliinama kutazama chini.

Susu akainuka taratibu, akakung'uta nguo. Akatembea mpaka chini ya ngazi, kiondo kifuani. Hakutabasamu. Alisema kama anavyosema mgeni yeyote, "Hodi hapa."

"Karibu."

"Ni sisi. Tumekuja kuwaona. Niko na watoto."

"Karibu na watoto. Karibu sana."

Mama akanyoosha mikono miwili. Susu akamtoa kuku, akamweka kwenye mikono hiyo. Kando yangu soja alikuwa amevua kofia.

"Kwani kunaendelea nini?" msimamizi akamwuliza.

"Mwenye nyumba amepatikana," soja akasema.

Wasomaji wangu, sijawahi kuingia mahali kwa furaha kama ile. Mama alitutembeza na kuku kwapani, kama mwenye nyumba kweli, ingawa hata yeye alikuwa haijui. "Hapa tunapokelea wageni," alisema kwenye chumba kisicho na paa. "Hapa ni... sijui hapa ni wapi, nitauliza." Msimamizi alitufuata akihangaika. "Mama, usikanyage hapo, sakafu bado ni mbichi!" Mama akamjibu, "Asante, unafanya kazi vizuri." Mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, na hakuna aliyerudi kazini mpaka tulipomaliza. Kioko alipata kisiki cha ule mti, umekatwa lakini mizizi imeshika ukuta, akakikumbatia. Susu alipita kimya, akigusa kila ukuta kwa kiganja, kama anavyopima homa ya mtoto.

Na mnara nilipanda. Ngazi zilikuwa zinazunguka, nyembamba, zina giza, soja mbele yangu akinishika mkono, kisha ghafla mwanga na upepo mdomoni. Niliona Kola yote, paa letu, matuta ya mahindi kama nywele zilizosukwa, na mbali kabisa mabati ya mji wa Machakos yakimeta. Nilipiga kelele. Sikusema neno, ilikuwa kelele tu, mpaka koo ikauma.

Wakati wa kuondoka Mama akasimama tena kwenye fremu ile. Kiondo cha Susu kilikuwa kitupu na yeye ndiye mwenyeji. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na ndizi, hapakuwa na mahindi. Akaokota kipande cha jiwe kutoka kwenye rundo la kutupwa, jiwe la ukuta wa zamani, akakitia kiondoni kwa heshima. Kuku akamwachia soja, na amri: asichinjwe, atage hapo. Soja akasema sawa, mama.

Sasa mimi nilikuwa na miaka minane. Niliamini. Njiani mimi na Kioko tulishagawana vyumba. Jumatatu nilitangaza darasani kwamba Ngome ni ya mama yangu na tutahamia paa likikamilika. "Malkia wa Kola!" wakaniita. "Malkia, mbona sweta imetoboka?" Mwalimu akasema sitaingia darasani mpaka nilete mzazi, kwa sababu ya uongo.

Mama alikuja na jembe begani, moja kwa moja kutoka shambani.

"Mama Nduku," mwalimu akasema, "mtoto anasema ile Ngome ni yenu."

"Ndiyo."

"Mko na hati?"

"Hatuna. Mama yangu alileta kuku pale, na mimi nikampokea. Mbele ya watu."

Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu. Alimtazama Mama, akalitazama jembe, akanitazama mimi. Kisha akaniambia nirudi kwenye dawati langu.

Hatukuhamia, mnajua. Nikiwa sekondari tulipelekwa huko na shule. Ukutani kulikuwa na ubao wenye habari za yule Mzungu, mke wake, hata farasi wake, na Umau hayumo hata kwa nukta. Nilisimama mbele ya ule ubao nikiwaka. Hapo ndipo nilipojiambia kwamba sasa ninaelewa: Mama siku ile alikuwa anadai kilima cha baba yake, kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Nilibeba maelezo hayo miaka mingi. Niliwasimulia watu, nao wakatikisa vichwa kwa heshima.

Juzi, baada ya fundi kuondoka na nimeshawaosha watoto nywele, nikampigia Mama simu. Nikamwuliza kama siku ile mlangoni alikuwa anafikiria kilima, au Umau, au waya. Nilisikia kuku zake huko nyuma.

"Kilima?" akasema. "Nduku, wewe husoma vitu vingi. Mimi niliona mama yangu amekaa juani na nguo yake ya kanisani, watu wanapita wanamcheka, na hakuna hata mmoja wa kumwambia karibu. Ungefanya nini?"

Nikajitazama. Nilikuwa na umri ule ule aliokuwa nao siku ile, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akinivuta nguo, na chokaa bado chini ya kucha zangu.